Mwenyeheri Anuarite, Aliyejifunza Kusamehe Nyumbani Kwao

Ninyi mnaojitayarisha kwa Ubatizo, bila shaka mmekwisha kusikia jina la Mwenyeheri Anuarite. Katika makanisa mengi ya nchi yetu picha yake imetundikwa ukutani: sista kijana, amevaa shela, uso wake umetulia. Mkiwauliza watu habari zake, watawaambia juu ya usiku mmoja, usiku ule aliouawa kule Isiro. Habari hizo ni za kweli, nasi tutazisimulia. Lakini Anuarite aliishi karibu miaka 25, na usiku ule ulikuwa mmoja tu. Mtu hawezi kuupata kwa usiku mmoja moyo wa kumsamehe anayemwua. Moyo wa namna hiyo hukua polepole, kama muhogo ukuavyo chini ya udongo, wala wapitao njiani hawauoni. Basi na tuanze mbali, katika nyumba ya wazazi wake.

Alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939 katika nchi ya Wamba, kati ya watu wa kabila la Wabudu. Siku zile Wamba ilikuwa bado chini ya Vikariati ya Stanley Falls, ambayo makao yake yalikuwa huku kwetu, katika mji uitwao leo Kisangani. Vikariati ya Wamba ilitengwa mwaka 1949. Kwa hiyo sisi watu wa Tshopo twaweza kusema, bila kujisifu, kwamba alizaliwa na kubatizwa katika Kanisa letu. Baba yake aliitwa Amisi, na mama yake Isude. Wakampa mtoto jina la Nengapeta, ambalo kwa Kibudu lamaanisha kwamba mali hudanganya. Alibatizwa mwaka 1943, akaitwa Alphonsine. Na jina la Anuarite? Hilo lilikuwa jina la dada yake mkubwa. Nengapeta alipopelekwa shuleni, akaandikwa kwa kosa jina la dada yake, na kosa hilo halikusahihishwa kamwe. Ndivyo ilivyotokea kwamba Wakristo wa nchi nyingi leo humwita binti huyu kwa jina lisilokuwa lake.

Amisi na Isude walizaa watoto sita, wote wasichana, naye Nengapeta alikuwa wa nne. Nanyi mwajua mambo ya vijiji vyetu. Mwanamke akizaa wasichana tu, maneno huanza. Huanza chinichini, kisimani na shambani, kisha wakubwa wa ukoo huyatamka mbele ya watu: nani atashika jina la baba, nani atarithi nyumba yake? Mwanamume naye, hata kama alimpenda mke wake, husikia maneno hayo kila siku mpaka mwisho huyaona kuwa ni haki. Amisi aliyasikia moyoni mwake. Akamfukuza Isude, akaoa mwanamke mwingine.

Msomaji wangu, usipite hapa upesi. Fikiri jinsi mtoto wa kike anavyoona jambo hilo. Mama yake amefukuzwa kwa kosa gani? Kwa kosa la kumzaa yeye na dada zake. Kila mara atakapomwona baba yake atakumbuka kwamba, kama yeye angezaliwa mvulana, pengine mama yake angalikuwa bado nyumbani. Watoto wengi waliotendewa hivyo hufuata njia moja kati ya mbili. Wengine humchukia baba, hulikataa hata jina lake, na chuki hiyo huingia nayo katika ndoa zao wenyewe. Wengine humfuata baba kwa sababu ndiye mwenye nguvu na mali, humwacha mama na upweke wake, na hata hujifunza kumdharau. Njia zote mbili mmeziona, na pengine mmoja wenu amekwisha kuipita mojawapo.

Anuarite aliumia sana kwa jambo hili. Alikuwa mtoto mwenye moyo mwepesi kuguswa. Alishikamana na mama yake. Lakini hakumkana baba yake. Alijua vizuri kwamba Amisi ametenda neno baya, wala hakuliita neno hilo jema. Kusamehe si kusema kwamba ubaya haukuwako. Alimsamehe, akaendelea kumhesabu kuwa ni baba yake na kumwombea. Tazameni jinsi mambo yalivyokuwa baadaye: siku alipoweka nadhiri zake za utawa, tarehe 5 Agosti 1959, wazazi wake walikuwapo, baba na mama, nao wakatoa mbuzi wawili kuwa shukrani. Mimi, kila nisomapo habari za mbuzi wale, huona kwamba ni jambo kubwa. Mwanamume yule aliyemfukuza mkewe kwa ajili ya kuzaa wasichana sasa alikuja mbele ya altare kushukuru kwa ajili ya msichana mmoja kati ya hao. Mtoto aliyemchukia baba asingalimpata siku ile kanisani.

Lakini tumetangulia mno. Turudi nyuma kidogo.

Alipokuwa bado shuleni Wamba, Anuarite alitamani kuwa sista. Mama yake hakupenda. Tusimlaumu upesi, maana mwanamke aliyeachwa na mumewe hutegemea watoto wake, na binti akienda utawani haleti mahari wala hazai wajukuu. Basi siku moja, karibu na mwaka 1955, lori lilikuja kuwachukua wasichana waliokubaliwa kwenda Bafwabaka, penye nyumba kuu ya Masista wa Jamaa Takatifu. Shirika hilo ni la Masista wenyeji wa nchi, nalo lilianzishwa na Mhashamu Camille Verfaillie, aliyekuwa Vikari wa Kitume wa Stanley Falls. Anuarite akajipenyeza kati ya wenzake, akapanda lorini bila kuaga, akaenda zake. Mama yake alijua habari alipokwisha kufika. Baadaye akakubali. Siwaambii ninyi vijana mwondoke nyumbani bila kuaga! Nasimulia jambo hili ili mwone kwamba Anuarite hakuwa mtu wa tabia laini, asiyeweza kukataa neno. Alikuwa na nguvu ya nia, na mara nyingine ukali. Hata katika utawa alijulikana kuwa mwepesi kuona uchungu na kukaripia uvivu. Huruma yake haikutokana na ulegevu.

Katika utawa alipewa jina la Sista Marie-Clémentine, jina lenye maana ya upole na rehema. Akapata diploma ya ualimu, akafundisha watoto Bafwabaka. Tena alitunza sakristia, alishika kazi za jiko, na kuwaangalia wasichana wa bweni. Hakuna lolote katika kazi hizo la kuandikwa kwa herufi kubwa.

Na hapo ndipo napenda mkae kidogo pamoja nami. Ninyi mmepikia watu katika matanga au katika sikukuu, mwajua jiko la watu wengi lilivyo. Moshi huingia machoni, kuni mbichi hazishiki moto, sombe haijatwangwa bado, na mwenzako wa zamu amechelewa kwa sababu kichwa chauma, au ndivyo asemavyo. Hapo ulimi huwa mkali. Hapo ndipo watu wanaoshiriki pamoja meza ya Bwana hununiana siku tatu kwa ajili ya sufuria. Waliokaa na Anuarite walishuhudia kwamba yeye alikuwa akiona mapema nani amechoka na nani ni mgonjwa, akaichukua kazi yake bila kuombwa wala kuitangaza. Katika kijitabu chake aliandika, kwa kujikumbusha mwenyewe, kwamba alitaka kutumikia na kuwafurahisha wengine. Neno hilo ni dogo. Hakuandika kwamba ataacha damu yake kwa ajili ya ulimwengu. Aliandika habari ya kumfurahisha mtu aliye karibu.

Walimu wa dini hutufundisha kwamba huruma ina sehemu mbili: kuona, na kutenda. Wengi wetu twashindwa katika sehemu ya kwanza. Mke wa ndugu yako amekuwa kimya wiki nzima, nawe wadhani ana kiburi. Kumbe mimba imeharibika, naye hana wa kumwambia. Mzee jirani amekataa kuja kazi ya pamoja ya kusafisha njia, nanyi mmemtoza faini. Kumbe macho yake hayaoni tena njia. Mwanafunzi mwenzako wa katekisimu hukosa mara kwa mara, watu wakasema hana imani. Kumbe mume wake humfungia mlango. Anuarite alikuwa na macho ya kuona mambo hayo, na macho hayo nadhani aliyapata utotoni, alipomwona mama yake akiondoka nyumbani na mizigo yake. Aliyekwisha kulia hutambua kilio cha mwenzake hata kikiwa hakina sauti. Lakini si wote waliolia hupata macho hayo. Wengine hupata ugumu tu. Neema ya Mungu yahitajiwa hapo, na mtu lazima aikubali.

Mwaka 1964 mateso yaliifikia nchi yote. Tarehe 5 Agosti, miaka mitano kamili baada ya nadhiri za Anuarite, waasi walioitwa Wasimba waliuteka mji wa Stanleyville. Wazee wa Kisangani wamewasimulia wajukuu wao mambo ya miezi ile: Wakongo wengi waliuawa, makarani na walimu, watu walioshtakiwa na majirani zao wenyewe, kisha mapadri na masista na wageni wengi walifungwa na kuteswa. Tarehe 24 Novemba askari wa Ubelgiji walishuka kwa miavuli mjini. Baada ya hapo waasi wa kaskazini na mashariki walizidi kuwa wakali. Tarehe 26 Novemba Mhashamu Joseph Wittebols, Askofu wa Wamba, aliuawa.

Yafaa kusema hapa jambo ambalo watu huliacha. Wasimba hawakutoka mbali. Walikuwa watoto wa nyumba zetu, wengi wao vijana sana, baadhi yao walibatizwa na kusoma katika shule za misioni. Walikuwa na uchungu wao wa kweli, kwa umaskini na kwa kuuawa kwa Lumumba mwaka 1961, na uchungu huo ukageuzwa kuwa panga. Tusisimulie kana kwamba mashetani walishuka kutoka mahali fulani. Sisi wenyewe wa Tshopo tumeona tangu mwaka 2023 jinsi Wambole na Walengola, watu waliokaa pamoja na kuoana, walivyouana na kuchomeana nyumba kwa ajili ya ardhi, hata maelfu wakakimbilia Kisangani. Ubaya wa namna hiyo huanza kwa mtu mmoja kukoma kumwona jirani yake.

Tarehe 29 Novemba 1964, Jumapili ya kwanza ya Majilio, lori la Wasimba lilifika Bafwabaka. Wakawaamuru masista wote wapande, pamoja na wanovisi, jumla zaidi ya watu 40. Walisema kwamba wanawapeleka Wamba kwa usalama wao. Anuarite alikuwa na sanamu ndogo ya Bikira Maria, akaitia mfukoni. Njiani lori liligeuzwa, likaelekea Isiro. Mkubwa mmoja wa waasi, Kanali Pierre Olombe, akawanyang'anya misalaba na rozari zao, zikatupwa. Sanamu ya mfukoni haikuonekana.

Usiku wa tarehe 30 masista waliwekwa katika nyumba moja ya Isiro. Kanali mwingine, jina lake Ngalo, alimtaka Anuarite awe mke wake. Anuarite alikataa. Wakamtenga na wenzake, wakamtisha kwa kifo. Alikataa tena, kwa maana alikwisha kumtolea Mungu maisha yake. Mama mkubwa wa masista, Léontine Kasima, alisimama kumtetea, nao wakamtisha huyo pia. Ndipo Anuarite aliposema kwamba, kama lazima mtu auawe, Mama asiuawe kwa sababu yake, wamwue yeye peke yake. Chakula kililetwa, wenzake wakala kidogo. Yeye hakuweza kula. Aliwaomba wamwombee. Tusidhani kwamba hakuogopa. Aliogopa kama ambavyo ninyi na mimi tungeogopa, na katika hofu ile bado aliweza kumfikiria mwanamke mwingine aliyekuwa hatarini. Mwaona? Ni macho yale yale ya jikoni.

Baadaye usiku Olombe, aliyeombwa na Ngalo amsaidie, alianza kumtaka Anuarite kwa ajili yake mwenyewe. Akamwamuru yeye na Sista Jean-Baptiste Bokuma waingie katika gari. Alikuwa ameusahau ufunguo ndani ya nyumba. Aliporudi kuuchukua, masista wale wawili wakajaribu kukimbia. Akawafikia, akawapiga kwa nguvu. Mkono wa Sista Bokuma ulivunjika mahali patatu, naye akazimia. Anuarite aliendelea kukataa, akasema kwamba afadhali kufa kuliko kutenda dhambi. Na kati ya pigo na pigo akamwambia Olombe kwamba anamsamehe, kwa kuwa hajui atendalo.

Neno hili lilimwongezea Olombe hasira. Huenda mmeona jambo hili hata katika magomvi ya nyumbani: kuna saa ambapo mwenye kukosa hawezi kuvumilia kusamehewa, kwa sababu msamaha humwonyesha kosa lake. Akawaita askari wake, wakamchoma Anuarite kwa singe za bunduki mara kadhaa. Kisha Olombe mwenyewe akampiga risasi kifuani kwa bastola. Hasira yake ilipopungua, aliwaambia masista waje wamchukue. Wakambeba ndani, akiwa bado apumua. Alikufa yapata saa saba ya usiku, tarehe 1 Desemba 1964, kabla ya kutimiza miaka 25.

Alizikwa katika shimo pamoja na maiti nyingine. Baada ya miezi kadhaa, amani kidogo iliporudi, shimo lilifunguliwa ili azikwe kwa heshima. Aliweza kutambuliwa kwa ile sanamu ndogo ya Bikira Maria, iliyokuwamo bado katika nguo yake. Mwaka 1978 mabaki yake yaliwekwa katika kanisa kuu la Isiro, na hapo waamini huenda kusali. Sikukuu yake huadhimishwa kila tarehe 1 Desemba.

Watu huuliza habari za Olombe. Hakufa vitani. Kwa miaka mingi aliendelea kuishi katika nchi ile ile ambamo walikaa masista waliomwona usiku ule, na ambamo walikaa ndugu zake Anuarite. Kwao neno la kusamehe halikuwa fundisho la kitabuni. Lilikuwa mtu mwenye jina na uso, ambaye waliweza kukutana naye barabarani. Mtu anayekufa husamehe mara moja, naye huenda kwa Mungu wake. Wanaobaki hulazimika kusamehe asubuhi, na tena jioni, na kesho yake tena, hasa pale mkono uliovunjika unapouma wakati wa mvua. Mkisali Baba Yetu na kufika pale tunapoomba tusamehewe kama tunavyosamehe, wakumbukeni hao pia, wasio na picha ukutani.

Tarehe 15 Agosti 1985, Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alikuja Kinshasa, akamtangaza Anuarite kuwa Mwenyeheri, mwanamke wa kwanza wa Kongo kupewa heshima hiyo. Umati wa watu ulikuwa umekusanyika chini ya anga wazi. Katika mahubiri yake Baba Mtakatifu alisimulia maisha ya sista huyu, kazi zake ndogo za kila siku na kifo chake. Kisha akamtaja yule aliyemwua, ambaye bado alikuwa hai, na mbele ya watu wote akatangaza kwamba yeye naye, kwa jina la Kanisa lote, anamsamehe kwa moyo wake wote, kama Anuarite alivyomsamehe.